Kidole cha Karani

Urefu: shubiri moja na vidole vitatu.
Mpini: mti mweusi, labda mpingo, labda mgunga
ulioramba jasho mpaka ukasahau rangi yake.
Chuma: chembamba kama mwiba wa nungunungu,
na karibu na ncha, meno mawili
yanayotazama nyuma
kama mtu aliyeondoka bila kuaga.

Tulikikuta juu ya dari ya nyumba ya babu, Mabatini,
siku ya kung'oa mabati yaliyooza:
kimeviringishwa katika kipande cha marekani,
kimefungwa mafundo saba.
Mtu hafungi upuuzi mafundo saba.

Nikateremka nacho mjini.

Fundi Lugembe, mnoa visu wa Mlango Mmoja,
alikiramba (ndiyo, alikiramba)
akasema ni chuma cha zamani, cha ng'ambo.
Na kazi yake?
"Hiki kimeumbwa kwa kutoka, si kwa kuingia."
Hakuongeza neno. Akadai mia tano.

Mchuuzi wa sangara pale Mwaloni akasema
ni cha kuopolea ndoana iliyomezwa mbali.
Tukajaribu. Kikachana koo la samaki
pamoja na bei yake; nikalipa.
Bwana Kulwijila, daktari wa mifugo mstaafu,
akataja ugonjwa wa ng'ombe
ambao, alikiri mwenyewe, hautibiwi hivyo.
Binamu yangu Ng'washi alisema tu: kirudishe darini.

Usiku nikakilaza katika kopo la mafuta ya taa,
nikakisugua kwa mswaki mkuukuu,
na kutoka katika kwapa la jino moja
ukachomoza unywele.
Si unywele. Nyuzi. Tatu.
Nikaziweka kiganjani, nikapumua,
zikaruka.

Pamba.

Bi Nyanzala ana cherehani nyuma ya stendi;
ujanani alishona magunia kwenye jineri.
Nilikiweka mezani kwake, kati ya mkasi na chaki.
Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.
Hakuuliza nimekitoa wapi.
Alikishika kama mtu anayeushika mkono
uliowahi kumpiga,
akalivuta gunia la vipande vya vitambaa, akanionyesha:
choma, zungusha, vuta.
Kikatoka na ulimi mwekundu wa kitenge.

"Juu ya gunia kila mkulima ni mwaminifu.
Hiki kilikwenda kuuliza katikati.
Tulikiita kidole cha karani.
Kikitoka na nyeupe, karani anaandika *safi*.
Kikitoka na njano, *fifi*.
Kikigonga jiwe kinalia, ti!
na gulio zima linageuka."

Mlio ule aliusikia mwaka wa sitini na mbili,
katika gunia la baba yake.
Karani alikuwa kijana mrefu, koti la kaki,
kalamu sikioni.
(Babu alikufa na sikio la kushoto limechomoza.)

Nikaanza: Bibi, kwa niaba ya —
Akanikata kama uzi.

"Mawe yalikuwemo. Manne, ya ziwani, yale laini.
Niliyatia mimi.
Nilikuwa na miaka tisa, nilitaka viatu.
Baba aliapa mbele ya watu kwa kaburi la mama yake.
Mpaka tunamzika, jina lake gulioni lilikuwa Mawe."

Cherehani ya jirani ilikimbia, ikasimama, ikakimbia.

Alinirudishia mpini ukiwa mbele,
anavyopewa kisu mtu unayemheshimu
au unayemwogopa.
Kwa nini babu alikifunga mafundo saba
yeye hajui, nami sijui.
Aliniuliza tu kama zile nyuzi tatu nimezitunza.
Nikamwambia zilipeperuka.

"Zilikuwa safi?"

Ilikuwa usiku, Bibi.
Taa yenyewe ilikuwa ya njano.